Sisimizi Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Juzi maziwa yalinifurikia jikoni. Niligeuka kidogo tu kujibu simu, na niliporudi yalikuwa yameshamwagikia jiko, yanaungua, harufu imejaa nyumba nzima. Nilizima moto lakini sikufuta. Nilivuta kigoda nikakaa, nikawa nanusa tu kama mtu asiye na kazi. Wengine harufu hiyo inawakera. Mimi inanirudisha Nyamwaga, mlangoni kwa Bibi, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimeshika kikombe cha bati kwa mikono miwili na sijui nikifanyeje.

Nilikuwa mtoto mnene. Wakati ule hakuna aliyelitamka neno hilo kwa ubaya. Walisema nimelelewa, walisema nina afya. Wanawake waliotoka sokoni walinishika shavu na kumpongeza mama yangu kama wanavyompongeza mtu ambaye ndama wake amenawiri, nami nilijiona mtu muhimu sana. Mama alikuwa na hoteli ndogo pale njia panda, ya chai, chapati, maandazi na supu. Wateja wake walikuwa madereva wa malori na vijana wa machimbo. Chapati iliyobaki ilikuwa yangu. Soda iliyofunguliwa kwa makosa ilikuwa yangu, na nakiri kwamba nyingine nilizifungua mwenyewe kisha nikasema ni makosa. Shule ilikuwa karibu kiasi cha kusikia kengele yake ukiwa nyumbani, lakini mimi nilipelekwa kwa bodaboda, kwa sababu mtoto wa mwenye hoteli kutembea kwa miguu kungeonekana vibaya.

Bibi lazima nimweleze vizuri. Hakuwa mama wa mama yangu, wala wa baba yangu. Alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, na nyumba yake ikabaki haina wa kuirithi. Akafanya kama mila ya Wakurya inavyoruhusu: alichukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti zake, akamtolea mama yangu mahari, akamwoa ili azae watoto kwa jina la nyumba ile. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu, na ninyi mliokulia kule mnaijua kuliko ninavyoweza kuieleza. Kimila Bibi ndiye aliyekuwa mume wa mama. Mwanamume aliyenizaa alipita tu na hakuna aliyemtaja. Baada yangu mama alizaa wawili ambao hawakuishi, kisha basi. Kwa hiyo nyumba nzima ya Bibi ilikuwa mimi, na kila nilipoongezeka mwili, Bibi alipata jibu la kuwapa wale waliosema ng'ombe wake wamepotea bure.

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, aliniita kwake. Nyumba yake ya udongo ilikuwa upande mmoja wa ua, yetu ya tofali upande mwingine. Alinichemshia maziwa, akayaacha yafurike kidogo mpaka yanukie, akamimina kwenye kikombe cha bati chenye ua jekundu, kisha akachota sukari bila kusawazisha kijiko. Yeye alikuwa na kikombe chake, nacho alikitia sukari vilevile. Tulikunywa tukitazama ndama wanafungwa.

"Kunywa yote, mutoto," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kikurya. "Usiache."

Nilikuwa siachi. Nilimpenda sana, na sukari niliipenda pia, siwezi kusema uongo hapa.

Shingo yangu ilianza kubadilika taratibu, bila mtu kujua ni lini. Ilikuwa nyeusi kuliko uso, kisha ikawa nyeusi zaidi, na ngozi ya nyuma ikawa nene, ina mikunjo, ukiigusa ni laini kama kitambaa cha mahameli. Haikuniuma, haikuniwasha. Sikuiona mwenyewe, maana nani anajiona kisogo?

Aliyeiona ni mwalimu wa zamu. Ninyi wa umri wangu mnaukumbuka ukaguzi wa Jumatatu mstarini: kucha, meno, soksi, shingo. Mwalimu aliinua kola yangu kwa ncha ya fimbo, akanitoa mbele ya shule nzima.

"Huyu ndiye wa hotelini?" aliuliza. "Hii shingo ina nini? Kwenu maji yanauzwa?"

Shule ilicheka. Mimi nilicheka pia kwanza, nikidhani anatania, mpaka nilipoona halegezi uso. Na watoto hawaachi kitu kama hicho shuleni. Walikibeba mpaka majumbani. Kufikia Jumatano kuna mama alisema hotelini, kwa sauti ya kusikika, kwamba kama mwenye chapati hawezi kuosha shingo ya mtoto mmoja, basi huo unga anaukanda na nini. Mama alisikia akiwa ameshika sahani ya supu ya mtu. Alimpelekea mteja supu yake, akafuta meza, akaja kunichukua.

Alinisugua jioni ile kwa dodoki na sabuni ya mche. Kesho yake kwa limau. Kesho kutwa kwa jiwe la kusugulia visigino. Mama hakuwa mkatili. Hoteli ile ndiyo iliyotuvalisha na kutulisha, na hoteli ikishasemwa kuwa chafu haina siku nyingi. Nilijua hivyo hata kwa akili zangu za utoto. Nilishika ukingo wa karai, nikang'ata meno, nikamwambia asugue zaidi. Niliamini kabisa kwamba ni uchafu, kwamba umeingia kwa sababu ya zile soda za wizi, na kwamba siku nikiacha dhambi ile maji yatauondoa. Niliomba hata kanisani. Wiki ya pili shingo ilitoka damu, wiki ya tatu ikatoka usaha, na weusi ulikuwa palepale.

Ndipo mama akanipeleka kituo cha afya. Daktari alikuwa dada kijana mwenye kope zilizochoka. Mama alimwamkia akaanza kujitetea kabla hajaulizwa: mtoto anaoga kila siku, maji tunayo, sabuni tunayo. Daktari alisafisha kidonda, akanipapasa shingoni kwa kidole gumba, akaniambia ninyanyue mikono. Kwapani nako kulikuwa vilevile.

"Mama, huu si uchafu," alisema. "Usimsugue tena."

Mama akaanza tena habari ya sabuni.

"Nisikilize. Chakula kikishakuwa sukari kwenye damu, kuna kitu mwili unatengeneza, kinaitwa insulini. Kazi yake ni kuiingiza hiyo sukari kwenye misuli ikatumike. Kwa mtoto huyu misuli imeanza kuwa sugu, insulini haifanyi kazi vizuri. Sasa mwili unatengeneza nyingi, na nyingine tena, ili kufidia. Hiyo iliyozidi ndiyo inaifanya ngozi iwe nene na nyeusi namna hii. Sabuni haifiki huko."

Alituambia turudi asubuhi kabla sijala kitu, akanichoma kidole, akapima. Haikuwa kisukari bado, alisema, lakini sukari ilikuwa imepanda kuliko inavyotakiwa kwa mtoto, na hali hiyo ikiachwa inaishia kwenye kisukari. Akauliza maswali ambayo mama aliyajibu akizidi kuinama: chai ngapi, soda ngapi, nakwenda shuleni na nini. Kisha akauliza kama kuna mtu wa damu yetu mwenye sukari, mtu wa kunywa maji sana, kukojoa kila mara, kukonda bila sababu, au mwenye kidonda kisichopona.

"Kwetu Itiryo hakuna," mama alisema.

"Na upande wa baba?"

Mama aliangalia mikono yake. "Hatujui."

Hakuna aliyemfikiria Bibi. Swali lilikuwa la damu, na Bibi na mimi hatukuwa na damu moja.

Daktari hakunipa vidonge. Alisema soda basi, sukari kwenye chai na maziwa basi, nitembee kwenda shuleni, nicheze mpaka nitoke jasho, na nisinyimwe chakula wala kusimangwa. Mama aliitikia kila neno. Tulipotoka nje hakuita bodaboda. Alifungua kitenge alichojitanda, akanifunga shingoni ili vumbi lisiingie kidondani, akanishika mkono, tukatembea mpaka nyumbani. Hakusema nisamehe, lakini alinishika mkono njia yote, na nilikuwa mkubwa wa kushikwa mkono.

Kwa Bibi hayo yote hayakuingia. Mama alimweleza jioni ileile, kwa heshima, amesimama, Bibi amekaa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Bibi akikasirika aliacha Kiswahili akarudi kwenye Kikurya, na Kikurya chake kilikuwa hakina kona.

"Mtu mnene ndiye mgonjwa?" aliuliza. "Na aliyekonda ndiye mzima? Huyo daktari amezaa?"

"Wamempima, mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita Bibi. "Nimeona mwenyewe."

"Nimechekwa miaka mingi. Sasa wananiona na mtoto aliyeshiba, wamenyamaza. Unataka waanze tena?"

Bibi akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Bibi hakuwa mtu wa sauti ndogo.

"Siku mtoto huyu atakapokataa maziwa yangu, nitajua ni wewe umemfundisha. Utarudi kwa baba yako, na ng'ombe wangu watarudi. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa nyumba hii."

Hakuwa anatisha tu. Kimila alikuwa na haki hiyo, na mama alijua, na mimi nikajua. Jioni iliyofuata, saa ya maziwa, mama alijifanya ana kazi hotelini ili asione. Bibi aliniita. Akachemsha, akaacha yafurike, akamimina, akachota sukari, mara hii nadhani na kijiko cha ziada kwa sababu ya ubishi. Nikakaa na kikombe mikononi. Nikinywa, daktari ameshasema kitakachonipata. Nikikataa, mama anafunga mizigo. Sijawahi tena katika maisha yangu kuogopa kikombe.

Nilikunywa siku nne. Siku ya tano nilimwambia Bibi nataka kunywa nje nikiwaangalia ndama. Nikazunguka nyuma ya migomba, nikamwaga maziwa yote kwenye shina la mgomba wa pembeni, nikafunika kwa majani makavu, nikarudi nikijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu.

Kwetu maziwa hayamwagwi. Hata yakimwagika kwa bahati mbaya, mtu mzima atasikitika kwa sauti. Usiku ule sikulala, lakini kesho yake nilimwaga tena. Na siku iliyofuata. Nikawa nakwenda shuleni kwa miguu, nacheza rede mpaka nahema, sinywi soda, na kila jioni namwaga. Nilipata ujuzi wa kukohoa wakati wa kumwaga ili mlio usisikike. Kitu kimoja tu sikuwa nimekipigia hesabu. Siku ya tatu sisimizi walikuja. Walijipanga kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye mgomba wangu, mstari mweusi usiokatika, wakaniweka wazi kabisa kwa mtu yeyote mwenye macho. Niliwamwagia majivu ya jikoni. Walitawanyika, na jioni walirudi.

Kisha asubuhi moja mama alinituma nikachukue fagio nyuma ya nyumba ya Bibi. Nilikuwa siendi huko mara kwa mara. Karibu na ukuta, mahali penye ardhi iliyolowa kidogo, niliwaona. Sisimizi wengi, wengi kuliko wangu, wamejaa mahali pamoja wanahangaika.

Nilisimama nikawatazama, na moyo wangu ukafunguka kwa furaha. Bibi naye anamwaga! Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Amekunywa maziwa matamu miaka yote kwa ajili ya watu, kwa ajili ya hao waliomcheka, na kumbe na yeye hayataki, anakunywa nusu mbele yangu na nusu anakuja kuyamwaga hapa. Tulikuwa wawili. Tulikuwa na siri moja na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Na kwa kuwa nilimpenda, nilimlinda. Nilirudi jikoni, nikachota majivu kwenye kopo, nikaja kuwafunika sisimizi wa Bibi ili mama asiwaone. Nikafanya hivyo kila asubuhi, kabla ya shule, kwa uangalifu, nikisawazisha kwa kiganja. Siku nyingine palikuwa pamelowa zaidi, na nilimhurumia kwamba jana amelazimika kumwaga kikombe kizima. Jioni niliporudi na kikombe kitupu nilimtabasamia kwa namna ya pekee, naye akatabasamu, akidhani nimeyapenda maziwa.

Yapo mengine niliyoyaona nikayapita. Mtungi wake wa maji uliisha haraka, nikawa naujaza mara mbili kwa siku. Mikono yake ilikuwa inakonda, bangili zinateleza mpaka kiwikoni. Kwenye mguu wa kushoto alikuwa na kitambaa alichofunga tangu alipojikata kidole kwa jembe wakati wa palizi, na palizi ilishapita, mahindi yalishavunwa, kitambaa bado kipo. Nilimuuliza mara moja. Alisema ni uzee. Daktari alikuwa ametaja yote hayo mbele yangu, moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikimsikiliza.

Jumapili moja tulipotoka kanisani tulimkuta Bibi amesimama kwenye migomba, ameegemea fimbo. Alikuwa amewafuata sisimizi. Majani makavu alikuwa ameyafukua, na chini yake maziwa ya jana yalikuwa yameganda meupe kwenye shina.

"Njoo hapa," alimwambia mama. Si mimi. Mama.

Mama alifika akiwa bado ameshika Biblia. Alitazama chini, akanitazama mimi, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa kila kitu kwa mara moja.

"Maziwa ya ng'ombe wangu," Bibi alisema. "Kwenye udongo. Nilikwambia nini?"

"Sikujua, mama. Mungu anaona."

"Nilikwambia nini? Leo hii. Jua likiwa juu. Kafunge vitu vyako."

Majirani waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mama alikuwa analia bila sauti, amesimama wima, na wala hakunitupia lawama. Angeweza kusema ni mtoto huyu, mimi sijui. Hakusema. Alianza kugeuka kuelekea nyumbani, kweli anakwenda kufunga vitu, na mimi nikapiga kelele ambayo sikujua kama ninayo.

"Ni mimi! Mama hajui! Nimemwaga mwenyewe!" Bibi alinigeukia, na kwa woga nikatoa kila kilichokuwa ndani. "Mbona hata wewe unamwaga, Bibi! Kila siku! Mimi sijakusema!"

"Namwaga nini?"

"Maziwa! Nyuma ya nyumba yako! Kuna sisimizi kuliko wangu!"

Nilimshika mkono nikamvuta, wala hakukataa, akaja anachechemea. Mama akafuata. Nyuma ya nyumba nilipiga magoti nikafagia majivu yangu kwa mikono miwili, na chini yake walikuwepo, wanatembea juu ya ardhi iliyolowa.

Bibi alitazama. Kisha akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Maziwa gani?" alisema. "Mimi hapo nakojoa. Choo ni mbali, usiku naamka mara tano, mara sita. Nani amemwaga maziwa hapo?"

Kuna jirani mmoja alicheka pale kwenye uzio. Mama hakucheka. Mama alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, anawatazama sisimizi, na nilimwona anarudia maneno kimoyomoyo, midomo inacheza. Kunywa maji sana. Kukojoa kila mara. Alinyanyua macho polepole mpaka kwenye mguu wa Bibi.

"Mama," alisema kwa upole mkubwa, "naomba nikifungue hicho kitambaa."

"Kiache."

"Naomba. Nikifungue, kisha nitakwenda kufunga vitu vyangu."

Bibi alikaa kwenye gogo. Mama alifungua, mzunguko baada ya mzunguko, na kabla hajamaliza tulisikia harufu. Kidole kikubwa kilikuwa cheusi, na cha pili yake kilikuwa kinafuata. Bibi mwenyewe aliinama kutazama kama anaangalia mguu wa mtu mwingine. Alisema hakimuumi. Alisema hilo mara mbili, akishangaa, kwamba kimekuwa hivyo na hakimuumi hata kidogo.

Mama hakufunga vitu vyake. Alisimamisha gari la mteja wake, la mzigo wa ndizi, likampeleka Bibi hospitali ya mjini alasiri ileile. Sukari yake ilikuwa juu sana, mpaka inatoka kwenye mkojo, na hiyo ndiyo iliyowaita sisimizi. Walikata vidole, wakasubiri, kisha wakakata mguu chini ya goti. Daktari wa kule alimuuliza mama kidonda kina muda gani, na dalili zilianza lini kuonekana, na kama kulikuwa na mtu aliyeona chochote. Mama alisema hapana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nahesabu asubuhi za majivu. Kama ningewaacha sisimizi wale waonekane siku ya kwanza, je? Labda vidole viwili tu. Labda hata kimoja. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimeambiwa na watu wenye akili kwamba mtoto hana kosa, na ninakubali. Lakini hesabu ile bado naifanya.

Bibi alirudi na magongo na mfuko wa dawa. Habari ya kufunga vitu hakuitaja tena mpaka anakufa. Miezi michache baadaye, tukiwa wawili tu tunapukuchua mahindi, nilimwambia kuhusu majivu. Nilimwambia yote, jinsi nilivyodhani, jinsi nilivyosawazisha kwa kiganja. Nilitegemea anipige. Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Kumbe ulikuwa unanificha," alisema. "Ulidhani na mimi nakataa."

"Ndiyo, Bibi."

Akacheka, kicheko kirefu cha kifuani, mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Sikujua kama machozi ni ya kicheko. Kisha akasema, "Basi kuanzia kesho hakuna majivu. Utaangalia kila asubuhi, na utaniambia kweli."

Mama alikuwa ameshanunua mashine ya kupima, na Bibi alikubali kuchomwa kidole, lakini namba hazikumwingia kama sisimizi. Hivyo kazi ikawa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilizunguka nyuma ya nyumba, nikachuchumaa, nikarudi.

"Hakuna, Bibi."

"Haya, njoo tunywe."

Alikuwa na maziwa tayari, vikombe viwili, bila sukari. Siku ya kwanza alikunja uso kama aliyepewa shubiri, akameza, akanitazama nikimeza, na tukamaliza. Mara moja tu, baada ya harusi ya binti ya jirani ambako alikunywa soda mbili akidhani sitajua, nilirudi nikamwambia wapo. Alibisha. Alisema ni wa mahindi. Nikasimama palepale mpaka akaacha ubishi mwenyewe, akamwita mama alete mashine. Shingo yangu ilichukua muda mrefu kutakata, zaidi ya miaka miwili, na alama ya jiwe bado ipo nikifunga nywele juu. Kila mwaka napima. Hotelini kwa mama chai ya bila sukari ilianza kuagizwa, kwanza na Bibi tu, kisha na wazee wawili watatu waliokuwa wanajua habari ya mguu.

Tulipomzika nilikuwa nimeshaanza kazi mbali na nyumbani. Nilifika siku ya mazishi yenyewe, katikati ya watu na maturubai, na sikupata hata nafasi ya kulia vizuri. Kesho yake niliamka watu wakiwa bado wamelala kwenye mikeka uani. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilizunguka nyumba ya udongo, nikafika nyuma, nikachuchumaa mahali pale. Ardhi ilikuwa kavu, haina kitu.

"Hakuna, Bibi," nikasema kwa sauti.

Nikabaki nimechuchumaa pale, nasubiri aniite tukanywe.